Mtoto Akiruhusiwa Hospitali: Namna ya Kutumia Tiba Mtandao kwa Ufuatiliaji

Karatasi ya kuruhusiwa haimaanishi kwamba mtoto amepona. Inamaanisha kwamba hali yake imefikia kiwango ambacho matunzo yaliyobaki yanaweza kufanyika nyumbani. Kati ya maana hizo mbili pana pengo, na ndani ya pengo hilo watoto wengi hupoteza maisha. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watoto 3,101 wenye umri wa miezi 2 hadi 23 waliolazwa katika hospitali za Kenya, Uganda, Malawi, Burkina Faso, Bangladesh na Pakistan. Tangu kulazwa hadi siku 180 baada ya kuruhusiwa, watoto 350 walifariki dunia, na karibu nusu ya vifo hivyo vilitokea baada ya mtoto kutoka hospitali.

Kwa miaka mingi ufuatiliaji ulitegemea jambo moja tu, yaani tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye karatasi. Nauli ikikosekana, au mvua ikikata barabara, tarehe hiyo hupita. Siku hizi, hapa Tanzania, simu imeanza kuziba sehemu ya pengo hilo. Hata hivyo, simu ni chombo, na kila chombo kina kazi yake. Mlezi anayefahamu kazi hiyo hunufaika. Asiyeifahamu huweza kusubiri simu ilhali mtoto anahitaji kupelekwa kituoni.

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji wa huduma ataweza:

- kutofautisha mambo yanayoweza kufanyika kwa simu na yasiyoweza;
- kufanya makubaliano na hospitali kabla ya kutoka wodini;
- kutoa taarifa sahihi za mtoto anapozungumza na mtaalamu;
- kutambua dalili zinazomlazimu kuacha simu na kumpeleka mtoto kituoni;
- kulinda fedha zake na siri za mtoto.

1. Tiba mtandao ni nini?

Tiba mtandao ni huduma ya afya inayotolewa pale ambapo mgonjwa na mtaalamu hawapo mahali pamoja. Katika ufuatiliaji wa mtoto aliyeruhusiwa, huduma hii huja kwa sura tatu.

Ya kwanza ni simu kutoka hospitali kwenda kwa mlezi. Huweza kuwa ya sauti au ya video, na mara nyingi hupigwa na muuguzi wa wodi au daktari aliyemtibu mtoto. Ya pili ni ile ya kituo kwa kituo: mlezi humpeleka mtoto katika kituo kilicho karibu, na mhudumu wa hapo huwasiliana na daktari bingwa aliye mbali. Faida yake ni kwamba mtoto hupimwa kwa mikono, na ushauri hutoka kwa bingwa bila safari ndefu. Ya tatu ni simu ya ushauri wa jumla. Wizara ya Afya ina kituo cha mawasiliano kinachopatikana kwa namba 199 bila malipo. Namba hiyo inafaa kwa maswali na maelekezo, lakini anayeipokea hana jalada la mtoto wako mbele yake.

Si lazima kuwa na simu janja. Kwa mazungumzo ya sauti, simu ya kitochi inatosha kabisa. Maswali mengi yenye uzito, kama vile kula, kukojoa, kupumua na kucheza, hujibiwa kwa maneno.

2. Kazi ya simu na mipaka yake

Kwa simu, mtaalamu anaweza kuuliza maendeleo, kuhakiki dawa zinavyotolewa, kumwelekeza mlezi namna ya kuhesabu pumzi, kujibu maswali ya lishe na kukumbusha tarehe ya kliniki. Kwa video anaweza pia kutazama mtoto anavyopumua, kuona kidonda cha upasuaji kwa nje, na kuona kama mtoto ana uchangamfu au amelegea.

Yapo mambo ambayo simu haiyawezi. Haisikilizi mapafu. Haipimi uzito, wingi wa damu wala kiwango cha oksijeni. Haibonyezi tumbo, haitazami ndani ya sikio na haitoi chanjo. Rangi nayo hudanganya katika kioo cha simu: mtoto aliyepungukiwa damu au mwenye manjano huweza kuonekana wa kawaida kutokana na mwanga wa taa. Kwa hiyo, neno la mtaalamu kwamba mtoto "anaonekana vizuri" kwenye video lisichukuliwe kuwa kipimo.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: simu huongeza ufuatiliaji, haiondoi tarehe ya kliniki. Tarehe hiyo ifutwe au isogezwe na mtaalamu mwenyewe, naye aeleze sababu.

3. Makubaliano hufanywa wodini

Mlezi wengi huondoka wodini wakiwa na furaha na haraka, wakidhani kwamba maswali yatajibiwa baadaye. Lakini aliye nyumbani, usiku, na mtoto anayelia mikononi, hana nafasi ya kutafuta namba ya nani apigiwe. Kabla ya kusaini karatasi ya kuruhusiwa, uliza maswali yafuatayo na uandike majibu:

1. Je, nitapigiwa simu? Siku gani, saa ngapi, na kwa namba ipi?
2. Nisipopigiwa siku hiyo, nimpigie nani?
3. Namba hiyo hupokelewa usiku na siku za mapumziko? Isipopokelewa, niende kituo gani?
4. Kuna malipo? Kama yapo, ni kiasi gani, na bima ya mtoto inayagharamia?
5. Ugonjwa wa mtoto wangu unaitwaje, na dalili zipi zikionekana nirudi mara moja?
6. Kila dawa inatolewa kwa kiasi gani, mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi?
7. Kliniki ya ana kwa ana ni tarehe gani?

Omba nakala ya muhtasari wa matibabu na uiweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Muhtasari huo ndio utakaomsaidia mhudumu wa zahanati ambaye hajawahi kumwona mtoto wako. Toa namba 2 za simu, yako na ya mtu unayeishi naye. Iwapo mtoto atakaa na bibi au shangazi yake, namba inayotakiwa ni ya huyo atakayekaa naye, si ya mzazi aliye kazini mji mwingine.

4. Kujiandaa kwa simu

Simu ya ufuatiliaji huchukua dakika chache. Ili zitumike vema, andaa mapema yafuatayo: karatasi ya kuruhusiwa, dawa zote katika chupa na pakiti zake, kipimajoto kama unacho, saa yenye mshale au tarakimu za sekunde, na daftari lenye maswali yako. Hakikisha simu ina chaji, na kwa simu ya video, bando la kutosha.

Kwa video, keti mahali penye mwanga wa mchana unaomwangukia mtoto usoni, si nyuma yake. Mfunue kifua hadi kitovu ili upumuaji uonekane. Simu ishikwe na mtu mwingine au iegemezwe mahali imara. Mtaalamu akiomba kuona dawa, sogeza chupa karibu ili maandishi yasomeke, kisha mwonyeshe kiasi unachompa mtoto kwa kipimo kilekile unachokitumia. Vijiko vya jikoni havilingani. Dawa ya maji ipimwe kwa kikombe au bomba la kupimia lililotolewa na famasi.

Mtoto awepo wakati wa simu. Daktari hawezi kufuatilia hali ya mtoto aliyekwenda kwa jirani.

5. Salamu ni adabu, taarifa ni ukweli

Katika mila zetu, anayeulizwa hali hujibu kwanza "nzuri" au "salama", hata kama ana shida. Huo ni uungwana, na hauna kosa katika maamkizi. Lakini ukiingia katika taarifa ya mgonjwa huficha hatari. Tutazame mfano wa bibi anayemlea mjukuu wa miezi 14, siku ya tatu baada ya kuruhusiwa alipotibiwa nimonia.

*Muuguzi:* Shikamoo, bibi. Napiga kutoka wodi ya watoto.

*Bibi:* Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?

*Muuguzi:* Njema, bibi. Mjukuu anaendeleaje?

*Bibi:* Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu.

Simu ingekatwa hapo, jalada lingeandikwa "mtoto anaendelea vizuri". Muuguzi huyu hakuishia hapo.

*Muuguzi:* Alhamdulillahi. Leo tangu asubuhi amekunywa uji mara ngapi?

*Bibi:* Mara moja. Vijiko vitatu hivi, akakataa.

*Muuguzi:* Na jana?

*Bibi:* Jana alimaliza kikombe asubuhi, akamaliza kingine jioni.

*Muuguzi:* Amelala sasa?

*Bibi:* Amelala.

*Muuguzi:* Naomba umfunue kifua taratibu, usimwamshe. Nikisema anza, hesabu kila kifua kinapoinuka, mpaka niseme basi.

Baada ya dakika moja bibi alijibu: "Hamsini na mbili."

*Muuguzi:* Bibi, mtoto anatakiwa aonwe leo hii, si kesho. Mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu na mchukue karatasi yake. Nami nawapigia waliopo zamu wajue mnakuja.

Bibi hakusema uongo. Alijibu salamu. Kilichobadilisha hali ni maswali yenye hesabu, na majibu yenye hesabu. Mlezi anaweza kutoa majibu ya namna hiyo hata kabla ya kuulizwa. Badala ya kusema "anakula vizuri", sema amekula nini na kiasi gani. Badala ya "joto limepungua", sema kipimajoto kimesoma ngapi na saa ngapi. Badala ya "dawa nampa", sema ni dozi ngapi zimetolewa na ngapi zimebaki. Linganisha leo na jana. Na iwapo moyo wako una wasiwasi usioweza kuueleza, useme pia. Wewe ndiye unayemjua mtoto huyo kuliko mtu yeyote aliye upande wa pili wa simu.

6. Nini kifuatiliwe kwa kila ugonjwa

*Nimonia.* Hesabu pumzi kwa dakika 1 kamili mtoto akiwa ametulia au amelala. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, pumzi ni za haraka zikifika 60 au zaidi kwa mtoto aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya kutimiza miezi 12, na 40 au zaidi kwa mtoto wa miezi 12 hadi miaka 5. Kwa kichanga hesabu mara 2, kwa kuwa upumuaji wake haulingani wakati wote.

*Malaria kali.* Baada ya sindano, mtoto humalizia dawa mseto ya kumeza kwa siku 3. Dozi isikatishwe kwa sababu homa imeshuka. Baadhi ya watoto waliotibiwa kwa sindano za artesunate hupungukiwa damu katika wiki zinazofuata, ilhali malaria imekwisha kutibiwa. Viganja vyeupe, uchovu, kuhema au mkojo mweusi ni sababu ya kwenda kupimwa damu, na kipimo hicho hakifanyiki kwa simu. Kwa mtoto aliyelazwa kwa upungufu mkubwa wa damu, muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria baada ya kuruhusiwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kinga hiyo mwaka 2022 kwa maeneo yenye maambukizi ya wastani hadi makubwa.

*Kuhara.* Vidonge vya zinki huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Mweleze mtaalamu idadi ya choo, kama kina damu, na mara ngapi mtoto amekojoa tangu asubuhi.

*Utapiamlo.* Mlezi anaweza kufundishwa kupima mzunguko wa mkono kwa utepe wa rangi na kutaja kipimo kwa simu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, kipimo cha chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Bonyeza pia nyayo zote mbili juu ya mguu kwa kidole gumba. Shimo likibaki, mtoto arudishwe kituoni.

*Mtoto aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo.* Simu husaidia kuuliza kuhusu kunyonya na matunzo ya kangaruu, lakini uzito ndio ushahidi, na uzito hupatikana kwenye mizani. Kwake kliniki haina mbadala.

*Upasuaji.* Picha ya kidonda ipigwe mchana, ikionyesha kidonda na ngozi inayokizunguka. Usaha, harufu, uvimbe unaoongezeka au homa ni sababu ya kurudi.

7. Dalili za kuacha simu na kwenda kituoni

Ukiona moja ya dalili hizi, usisubiri saa ya miadi ya simu wala jibu la ujumbe:

- mtoto hawezi kunyonya wala kunywa;
- anatapika kila anachopewa;
- amepata degedege;
- amelegea, haamki au hatambui watu;
- kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au anatoa sauti ya mkoromo akiwa ametulia;
- midomo au ulimi umekuwa wa bluu;
- macho yamedidimia na hajakojoa kwa saa nyingi;
- kwa mtoto aliye chini ya miezi 2: nyuzi joto 37.5 au zaidi kwapani, mwili wa baridi chini ya 35.5, au hajongei mpaka aguswe.

Simu bado ina kazi, lakini ipigwe njiani: kuwaarifu kituoni, au kumwita mwenye chombo cha usafiri. Kwa watoto wachanga, pamoja na wajawazito na waliojifungua, mfumo wa usafiri wa dharura wa M-Mama hupatikana kwa namba 115 bila malipo.

8. Haki zako, fedha zako na siri ya mtoto

Una haki ya kujua jina na cheo cha anayekuhudumia. Madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na wauguzi na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Anayejiita daktari katika makundi ya mitandao ya kijamii na kukataa kutaja jina au kituo chake hastahili kusikilizwa, hasa anapotaka kuuza dawa.

Taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hospitali haina budi kukueleza picha na video za mtoto zitatumika kwa ajili gani. Una haki ya kukataa mazungumzo yasirekodiwe bila kuathiri matibabu ya mtoto. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nawe usisambaze picha ya kidonda au ya karatasi ya kuruhusiwa katika kundi la familia: ikishatoka hairudi.

Matapeli nao hupiga simu. Hujifanya watu wa hospitali, hutaja kwamba "kipimo cha mtoto kimeonekana kibaya", kisha hutaka fedha zitumwe haraka kwenye namba ya mtu binafsi. Kata simu, kisha piga namba uliyopewa wodini. Malipo ya vituo vya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na hutolewa stakabadhi. Namba ya tapeli iripotiwe kwa kuituma kwenda 15040. Kamwe usimtajie mtu yeyote namba ya siri ya akaunti yako ya simu.

9. Maswali ya kujipima

*Swali la 1.* Hospitali iliahidi kupiga simu Jumatano. Jumatano imepita bila simu, na mtoto hana dalili ya hatari. Utafanya nini?
*Jibu.* Piga namba uliyoandika wodini. Usichukulie ukimya kuwa ni habari njema, na usikose tarehe ya kliniki.

*Swali la 2.* Daktari amemwona mtoto kwa video asubuhi na kusema hali ni nzuri. Jioni mtoto anatapika kila kitu. Je, maneno ya asubuhi bado yanatosha?
*Jibu.* Hayatoshi. Yalihusu hali ya asubuhi. Mpeleke mtoto kituoni mara moja.

*Swali la 3.* Mtoto wa miezi 8 aliyetibiwa nimonia amehesabiwa pumzi 54 kwa dakika akiwa usingizini. Nauli ya kwenda hospitali ya mkoa haipo. Utafanya nini?
*Jibu.* Pumzi hizo ni za haraka kwa umri wake. Mpeleke leo katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa na muhtasari wa matibabu, na uombe mhudumu awasiliane na hospitali iliyomruhusu. Safari fupi ya leo inaweza kufanya ile ndefu isihitajike. Ikihitajika, mtoto ataondoka akiwa na barua ya rufaa, na huko aendako watakuwa wamekwisha kuarifiwa.